Muvi ya Nani? Kumfundisha Mwanafunzi Amwone Mwongozaji

Siku ya kwanza ya klabu yetu ya filamu hapa Kigoma niliandika ubaoni: "Taja muvi unayoipenda, useme ni ya nani." Kidato cha Tatu, wanafunzi thelathini na kitu. Majibu yalimiminika: ya Jackie Chan, ya Rambo, ya Kanumba. Hakuna aliyemtaja mtu aliyesimama nyuma ya kamera. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akataja jina la mtafsiri, yule anayepachika Kiswahili juu ya muvi za Kikorea. Kwake yeye muvi ilikuwa ya mwenye sauti. Wenzake walimcheka. Mimi sikucheka, maana katika majibu yote hilo lake ndilo lililokaribia somo.

Watoto wetu wamejifunza sinema kwenye kibanda umiza. Pale Mwanga au Ujiji unalipa, unabanana kwenye benchi, na kitu cha kwanza unachomuuliza jirani ni stelingi ni yupi. Stelingi hafi, kila mtu anajua. Kwa hiyo muvi ni mali ya stelingi, na mwongozaji, ambaye vijana wa Bongo Muvi humwita dairekta, ni jina linalopita haraka mwishoni wakati watu wameshasimama wakitafuta ndala zao.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu anayetaka kulibadilisha hilo. Unafaa zaidi mwalimu wa Kiswahili au wa sanaa mwenye simu mbili tatu, projekta ya kuazima na shuka jeupe. Nimeufuata kwa miaka kadhaa na nimeubadilisha kila mwaka.

Hatua ya kwanza: anza na dagaa, nadharia baadaye

Mwaka wa kwanza nilianza na Wafaransa, yaani nadharia yao kwamba mwongozaji ndiye mtunzi wa filamu. Nilieleza vipindi viwili vizima, wakanakili vizuri, wiki iliyofuata hakuna aliyekumbuka kitu. Sasa naanzia Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma wanakoanika dagaa.

Gawa darasa makundi matatu, kila kundi simu moja na mwongozaji mmoja aliyechaguliwa kwa kura. Wote wanapewa jambo lilelile: kina mama wanaoanika dagaa. Masharti ni shoti tano tu (shoti ni kipande kimoja cha picha kilichopigwa bila kukatwa), kila shoti isizidi sekunde kumi, bila maneno, bila muziki, bila kumwambia mtu "hebu tabasamu". Wana saa moja. Wenzake wanaruhusiwa kumshauri mwongozaji mpaka wachoke, ila neno la mwisho ni lake. Na kabla ya simu kutoka mfukoni, salamu na ruhusa. Kina mama wa Kibirizi hawapendi kunyooshewa kamera usoni na mtoto ambaye hata shikamoo hajatoa, na wana haki.

Nikueleze yaliyotokea mwaka mmoja, kwa sababu ndiyo somo lenyewe.

Kundi la kwanza walileta mikono. Mkono unachota dagaa kwenye ndoo, mkono unawatawanya, kidole kinatenga samaki mwingine aliyechanganyika nao. Uso haukuonekana hata mara moja. Kundi la pili walipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wakapiga kwa mbali: watu wadogo, ziwa kubwa, na milima ya Kongo ng'ambo kama moshi. La tatu walimfuata mtoto wa miaka sita hivi aliyepewa fimbo alinde dagaa wasiliwe na kunguru. Kunguru anatua, mtoto anamfukuza, kunguru anatua tena. Shoti ya tano, fimbo imelala mchangani, mtoto hayupo, kunguru yupo.

Darasa lilinyamaza kidogo. Kisha kijana mmoja akasema, "Mwalimu, lakini dagaa si ni walewale?"

Hapo usiongeze neno. Acha wajibizane. Wakimaliza, waulize waongozaji watatu swali moja: umeacha nini? Si "ulitaka kutuambia nini", hilo swali huzaa hotuba. Yule wa mikono alijibu kwamba mama mmoja alikataa kupigwa uso, ndipo akaamua aache nyuso zote. Usifiche jibu la namna hiyo. Mara nyingi kinachoitwa mtindo wa msanii kilianza kama shida ya siku hiyo, naye akaikubali, akaifanya yake. Mwanafunzi anayeelewa hilo mapema haogopi filamu tena.

Hatua ya pili: maneno machache ya kazi

Kipindi kimoja kinatosha. Shoti; sini, yaani tukio la mahali pamoja na wakati mmoja; mkato, yaani kuruka kutoka shoti moja hadi nyingine. Kamera iko karibu au mbali, juu au chini, imetulia au inatembea. Sauti tunayoisikia ina chanzo chake kwenye picha au imeongezwa. Basi. Wanafunzi wa fasihi wameshazoea kutenganisha fani na maudhui, waambie hii ni fani. Msamiati mwingine utakuja wenyewe pale watakapouhitaji.

Hatua ya tatu: filamu ya kwanza, dakika ishirini

Usianze na filamu ya saa mbili. Mimi hutumia *Borom Sarret* ya Ousmane Sembène, Msenegali, ya mwaka 1963. Ina takriban dakika ishirini, kwa hiyo ndani ya vipindi viwili vinavyofuatana unaitazama mara mbili na muda wa kubishana unabaki. Pata nakala halali. Ni aibu kufundisha heshima ya mtunzi kwa nakala ya wizi.

Hadithi ni ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Asubuhi anabeba watu ambao hawana cha kulipa. Pesa kidogo aliyoipata anampa mwimba sifa anayemkumbusha ukoo wake mtukufu. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga hadi makaburini, wanazuiwa kwa sababu karatasi hazijakaa sawa. Mchana kijana aliyevaa vizuri anamshawishi ampeleke mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamkamata. Jioni anarudi nyumbani bila mkokoteni na bila pesa.

Maneno yake ni Kifaransa. Mara ya kwanza nilikuwa mtafsiri mimi mwenyewe, nimesimama kando ya shuka kama watu wa kibandani, na wanafunzi walinifurahia kuliko filamu. Mara ya pili nyamaza, waache watazame.

Katika kutazama huko kwa mara ya pili, simamisha penye askari. Mwendesha mkokoteni ana nishani. Inaanguka chini, anainama kuiokota, na buti la askari linaikanyaga. Waulize: kamera iko wapi? Iko chini, penye buti na mkono. Ingewezekana kabisa kumwonesha askari mzima akifoka. Ingewezekana kuonesha umati umesimama kutazama. Mtu mmoja alichagua buti, nishani na mkono. Waandike sentensi moja kuhusu chaguo hilo, na sentensi iwe na neno "badala ya". Hilo ndilo sharti ninalolishikilia kuliko yote katika mwongozo huu. Mwanafunzi akiandika "mwongozaji ameonesha ukandamizaji", mrudishie karatasi. Akiandika "ameonesha buti badala ya uso wa askari, hivyo askari anabaki hana jina, anakuwa serikali nzima", huyo ameanza kuona.

Hatua ya nne: filamu ya pili ya mtu yuleyule

Hapa walimu wengi huruka, wanakwenda kwa mwongozaji mwingine ili darasa "lipate upana". Ni kosa. Filamu moja inakuonesha kazi tu. Ukitaka kumjua mtu, tazama ya pili, uangalie nini kimerudi.

Onesha sehemu za *Mandabi*, ya 1968, filamu ya Sembène iliyozungumzwa kwa Kiwolofu. Ibrahima Dieng ametumiwa hawala ya fedha na mpwa wake anayefagia barabara Paris. Posta wanamtaka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe ambayo haijui. Kuna picha za kupiga, watu wa kuwapa chochote, majirani wanaokuja kukopa pesa ambayo bado haijatoka, na mwishoni jamaa msomi anayemzunguka na kuila yote.

Kigoma hadithi hii haihitaji maelezo. Hapa mpakani swali la "karatasi zako ziko wapi" watu wanalijua tangu utotoni, na darasa langu lilianza kucheka kabla Dieng hajamaliza kupanga foleni ya pili.

Kisha chora ubaoni safu mbili, filamu mbili, wajaze wenyewe. Kwangu walipata: mtu wa kawaida anayejiheshimu, karatasi inayomshinda, msomi aliyevaa vizuri anayemponza, sifa za ukoo zinazomgharimu, mke anayebaki na mzigo wa nyumba. Msichana mmoja akaongeza kitu ambacho mimi sikuwa nimekiona: katika zote mbili mtu huyu anatembea sana, na kila anapofika kuna mlango au mtu aliyeuziba. Huo ndio mkono wa mtunzi, na ameuona yeye, si mimi niliyemwambia.

Baada ya hapo ndipo uwape historia ya mtu. Sembène alizaliwa 1923, akawa kuli bandarini Marseille, akaandika riwaya kabla hajashika kamera, akaenda kusomea filamu Moscow. Alihamia filamu kwa sababu watu aliotaka kusema nao wengi hawakujua kusoma. Ukiitanguliza historia hiyo, watoto wataitumia kama ufunguo wa kila kitu na hawataitazama filamu tena. Nimeliona hilo mara nyingi.

Pembeni kidogo: mkeka

Ukipata dakika kumi za ziada, mlete Mjapani Yasujiro Ozu kwa ulinganisho. Filamu yake inayojulikana zaidi, *Tokyo Story* ya 1953, ni ya wazazi wazee wanaowatembelea watoto mjini na kukuta watoto hawana nafasi. Kamera yake hukaa chini, karibu na sakafu, na haitembei ovyo. Niliwaambia wanafunzi waweke simu kwenye kimo cha macho ya bibi aliyeketi mkekani, wapige watu wakiingia na kutoka chumbani. Mtu akisimama, kichwa kinatoka nje ya picha. Akikaa, anarudi kuwa mtu. Hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Mwingine wanayempenda ni Alfred Hitchcock, kwa sababu hupita mwenyewe kwa sekunde chache katika filamu zake nyingi, na darasa zima hugeuka wawindaji. Ni mchezo mzuri, ila usikubali wadhani kupita mbele ya kamera ndiyo alama ya utunzi.

Hatua ya tano: Gombe, mikanda ileile

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ni sisi wa Kigoma tuliojaliwa nayo. Kutoka Kibirizi palepale boti huelekea Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Mwaka 1962 alifika Hugo van Lawick, mpiga picha Mholanzi aliyetumwa na National Geographic, akarekodi saa nyingi za mikanda: sokwe, msitu, ziwa, na Jane mwenyewe.

Mwaka 1965 mikanda hiyo ilizaa filamu ya televisheni ya Marekani, *Miss Goodall and the Wild Chimpanzees*. Mwaka 2017 Brett Morgen alichukua mikanda ya van Lawick iliyokuwa imehifadhiwa ghalani, zaidi ya saa mia moja, akatengeneza *Jane*. Van Lawick alikuwa ameshafariki tangu 2002. Morgen hakuwa ndiye aliyebeba kamera ile kupanda vilima vya Gombe.

Basi waulize: *Jane* ni ya nani?

Onesha dakika tano za kila moja, kisha wafumbe macho wasikilize tu. Katika ile ya 1965 sauti inayoongoza ni ya Orson Welles: mwanamume anatueleza habari za mwanamke kijana msituni. Katika ile ya 2017 ni Jane mwenyewe, sasa mzee, anasema habari zake, na chini yake kuna muziki wa Philip Glass. Hata vichwa vya filamu vinasema: moja inamwita kwa jina la heshima kama mgeni, nyingine kwa jina lake la kwanza. Msitu ni uleule na msichana ni yuleyule. Ni dagaa wa Kibirizi tena, na mara hii hawahitaji mwalimu kuwakumbusha.

Mjadala huu uliwahi kunichukulia wiki mbili. Waliosema ni ya van Lawick walisimama kwenye jambo zito: jicho. Kila shoti inamwangalia Jane kwa namna fulani, na namna hiyo haikutoka kwenye meza ya uhariri. Van Lawick na Jane walioana mwaka 1964, kwa hiyo unaweza kusema unatazama mtu akipenda. Waliosema ni ya Morgen walijibu kwamba saa mia moja za picha si filamu, kama ambavyo gunia la maharage si chakula. Mmoja akasema ni ya Jane, kwa sababu bila yeye hakuna wa kupigwa picha. Akashambuliwa na pande zote mbili, lakini hakurudi nyuma. Mimi nakubaliana na kambi ya uhariri, na niliwaambia hivyo, baada ya kura kupigwa. Kura ilinishinda.

Hatua ya sita: riwaya wanayoijua

Kwa Kidato cha Tano na Sita pana njia ya mkato. Wengi wameisoma *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, na mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu. Sasa watunzi ni wawili juu ya Yasmin na Denge walewale. Usiwaulize filamu "imefuata kitabu" au la; swali hilo huishia kwenye orodha ya vilivyokosekana. Wape sini moja ya kitabu, ukurasa mmoja tu, waandike wangeipiga kwa shoti ngapi na nani awe karibu na kamera. Ndipo waone Shivji alifanyaje. Aliyekwisha kuamua mwenyewe huona maamuzi ya mwenzake.

Kama muda upo, ongeza *T-Junction* yake ya 2017. Huko pia yumo binti mwenye asili ya Kihindi, na urafiki wake na mwanamke mwingine ndio unaobeba hadithi. Safu mbili ubaoni, kama tulivyofanya kwa Sembène.

Hatua ya saba: sasa waite Wafaransa

Dakika ishirini, si zaidi. Mwaka 1948 Alexandre Astruc aliifananisha kamera na kalamu. Mwaka 1954 François Truffaut, kijana wa miaka 21, aliandika katika jarida la *Cahiers du cinéma* makala kali dhidi ya filamu za Ufaransa za wakati wake, ambamo mwandishi wa skripti ndiye mwenye kazi na mwongozaji anaongeza picha tu. Yeye na wenzake walidai kwamba mwongozaji wa kweli huacha alama yake hata akipewa skripti ya mtu mwingine na bosi wa kampuni mabegani. Mwaka 1962 Mmarekani Andrew Sarris aliifanya hoja hiyo kuwa nadharia. 1963 mhakiki mwenzake Pauline Kael akamjibu kwa ukali kwamba kurudia jambo lilelile si lazima kiwe kipaji.

Wanafunzi humpenda Kael, na ni vizuri, maana bila yeye darasa hugeuka ibada ya mabwana wakubwa. Ndipo uwape zoezi la kugawana. Chagua filamu ya Kibongo wanayoijua, weka mbegu kumi za embe mezani ziwe hisa, wagawane baina ya mwandishi, mwongozaji, mpiga picha, mhariri, stelingi na mwenye pesa. Kila mbegu inaombwa kwa kutaja shoti au sini. Bila ushahidi, mbegu inarudi mezani. Kuna mwaka stelingi aliondoka na sita, na kwa filamu ile nadhani walikuwa sahihi: yeye ndiye aliyetafuta pesa, akaamua hadithi, akaamua hata kamera imtazame wapi. Mwongozaji aliajiriwa tu.

Kusahihisha

Nina makosa matatu ninayoyakata alama bila huruma. La kwanza ni kusimulia hadithi mwanzo mwisho. La pili ni umbea: mwongozaji alifiwa, ndiyo maana filamu ina huzuni. La tatu ni kusifia. "Mwongozaji huyu ni hodari sana" haina alama hata moja. Kinachopata alama ni shoti iliyotajwa, chaguo lililoelezwa kwa "badala ya", na kitu kilichorudi katika kazi ya pili. Jibu la nusu ukurasa lenye vitu hivyo vitatu linalishinda la kurasa nne.

Mambo ya vifaa nayapitia haraka. Pakua filamu mapema kwenye flashi, maana umeme na intaneti havikupangi. Chaji spika usiku. Itazame filamu nzima peke yako kabla ya darasa, hasa kama una watoto wadogo. Shuka livutwe pembe nne, likikunjamana kila mwongozaji anafanana na mwingine.

Zoezi la mwisho la muhula ni la mtafsiri. Chukua dakika tatu za filamu yoyote kati ya mlizotazama, zima sauti, mwite mwanafunzi mmoja mbele aisimulie kwa mtindo wa kibandani, utani ruksa. Mwaka ule alisimama yule msichana wa dawati la nyuma. Alichagua makaburini ya *Borom Sarret*, na badala ya utani alisema taratibu sana, kwa sauti ya mama wa yule mtoto, ambaye katika filamu hasikiki. Hakuna aliyecheka. Kisha kila mtu akaandika jibu la swali lilelile la siku ya kwanza: dakika hizi tatu ni za nani?

Yeye aliandika ni za watatu: Sembène, mpiga picha wake, "na mimi, badala ya ukimya". Nilimpa nane kwa kumi. Mbili nilimkata kwa sababu hakutaja shoti.